Fisi Hakuwa na Gia

"Njia mbili zilimshinda fisi," kasema mjomba Shaame
nilipomwambia nataka gari moja kwa kazi mbili:
siku za skuli inifikishe Dunga, nikasomeshe hesabu,
na Jumapili ya mwisho wa mwezi
inizungushe Fumba, juu ya sakafu ya saruji
ya kiwanda ambacho hakikujengwa,
pale tunapopanga mapipa yakawa kona,
Sleyum kashika saa, na bendera ni kanga ya mkewe.

Sikumjibu. Moyoni nilisema: fisi hakuwa na gia.

Nilizunguka yadi zote za Mwanakwerekwe.
Gari zimeshuka juzi, bado na stika za Kijapani viooni;
moja nilipoiwasha ilinisalimu kwa sauti ya kike,
sikuelewa neno, ila adabu niliisikia.
Muuzaji ananionesha redio. Anafungua buti, anafunga:
"Chukua hii, dada, ya kikekike, hainywi mafuta."
Mimi nimeshalala chini, shavu kwenye changarawe,
natafuta kutu ilikoanzia.
Chumvi ya kisiwa hiki haina likizo.

Ilikuwepo nyekundu, milango miwili, imeinama
kama mtu anayetaka kukwambia siri.
Usukani mzito wa haki: hauendi mpaka uuamrishe.
Niliipeleka hadi Dunga, muuzaji kashikilia dashibodi,
nikawa nacheka peke yangu.
Lakini matuta, jamani.
La mbele ya skuli liliikwaruza tumbo,
sauti ya ukoko unaoparwa sufuriani,
na darasa la nne zima likapiga makofi.

Basi nikamchukua mama awe kipimo.
Goti lake la kulia halikunjiki zaidi ya nyuzi sabini
(nimelipima, ndiyo kazi yangu)
na kila Jumanne ana miadi Mnazi Mmoja.
Kwenye nyekundu aliingia kwa Bismillahi
akatolewa na wanaume wawili.
Kwenye jipu refu alikaa kama hakimu,
lakini niliiona ile ikifika kwenye mapipa:
itayumba kama tenga la kuku.

Tukaishia kwa Swift ya rangi ya fedha,
mlango mmoja haukulingana na wenzake,
gia ya mkono, kilo elfu moja na kidogo.
Mama akaketi. Akalitua goti. Akavuta mkanda.
"Hii," alisema, "inanishika bila ya kunibana."
Kuna wahandisi wamezeeka wakilitafuta neno hilo.

Sikununua bawa la nyuma. Sikununua muziki.
Nilibadilisha pedi, na mafuta ya breki yasiyochemka upesi;
springi niliziacha za kiwandani,
kwani tuta la skuli halijahama.
Matairi manne ya mashindano, mtumba, ya kunata,
yanalala uvunguni mwa kitanda cha mama.
Kila Alhamisi hufukiza udi.
Raba haijashindwa bado.

Jumapili iliyopita nilikuwa wa tano katika watu saba.
Nyekundu ilikuwa ya kwanza; kainunua Mundhir,
asiye na goti la mtu la kulifikiria.
Sikuumia sana. Niliumia kidogo.
Kwenye mapipa niliingia na gia ya pili,
gari ikaegemea, ikafikiri, ikakubali,
na kwa muda wa pumzi moja
hapakuwa na Jumanne wala Jumapili.

Jumanne, njiani, karibu na Amani,
mama aliokota kipande cha raba nyeusi chini ya kiti,
akakinusa, akakifunga kwenye pindo la mtandio
kama mtu anayeweka chenji.
Kisha, macho yake barabarani:
"Ile kona ya mwisho.
Breki uliiwahi, au uliichelewa?"